Walinizungusha Madhabahuni kwa Unene Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mtu wa mguu mmoja, maana ndiye anawaandikia.

Siku ile niliamka hospitalini, vidole vya mguu wa kushoto vikaniwasha. Nikamwambia binti yangu Mercy, "Nikune hapo chini, mama." Mercy akainua shuka, akaangalia, akaanza kulia. Hapakuwa na kitu cha kukuna. Walikuwa wameukata chini ya goti, na mimi bado nausikia. Mpaka leo nausikianga. Natamani umande, ndugu zangu! Natamani kukanyaga umande wa kwetu Iguhu asubuhi nikienda kuchuma mboga ya mrenda, miguu yote miwili ikilowa.

Sasa wacha nirudi nyuma.

Mimi naitwa Felistas, shule nilifika darasa la sita tu. Mume wangu alipofariki nilikonda, na kwetu mjane akikonda watu wananong'ona ni ukimwi. Kwa hivyo nilikula. Kila Alhamisi ushirika wa kina mama ulikuwa kwa nyumba ya mmoja wetu, na kila nyumba ilipika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, halafu chai ya sukari nyingi. Ukiacha chakula kwa sahani, umemtukana mwenye nyumba. Mama Timo, mwenyekiti wetu, alikuwa anakaa karibu na mimi akinipakulia. "Kula, Felistas! Ama unataka waseme ni ule ugonjwa?" Tunacheka. Nakula.

Nikanenepa. Shingo ikawa nyeusi, nikaisugua na jiwe la miguu, ikakataa kutoka. Nikawa nachoka, nakojoa kila saa. Daktari akanipima, akasema ni sukari, akanipa dawa, akaniambia nipunguze tumbo. Nikapeleka hiyo habari kwa Mchungaji Ezra, maana nilimwamini kuliko daktari. Jumapili akanisimamisha mbele, akanizungusha kama ng'ombe wa mnada. "Tazameni mjane! Huu ni ugonjwa ama ni baraka?" Kanisa lote, "Baraka!" Na mimi nikajibu pamoja nao. Hapo nilikosa, sikatai. Dawa nikaiweka juu ya kabati.

Halafu kandambili ikanichuna. Kidonda kidogo tu! Kikala mguu. Na walewale wa "baraka" wakageuka wakasema nimelogwa.

Ndugu zangu, Mungu alinifungua kwa mdomo wa nesi, Sista Beatrice, aliyekaa kando ya kitanda changu. Akaniambia, "Mama, hayo mafuta ya tumbo si mzigo umelala tu. Yanafanya kazi. Yanatoa protini zinaingia kwa damu. Mafuta yakizidi, zile mbaya zinaongezeka, ile nzuri inapungua. Sasa insulini, ile inafungulianga sukari mlango wa mwili, ikija na sukari inabisha hodi, mwili haufungui. Sukari inabaki kwa damu, inaharibu macho, figo, miguu. Hiyo shingo yako ilikuwa inakuambia."

"Kwa hivyo sikulogwa?"

"Hakuna mtu amekuloga, mama. Umelishwa."

Nililia, lakini ile hofu ya kulogwa ilitoka kwangu siku hiyo. Haleluya! Leo nameza dawa, nakula mboga nyingi na ugali kidogo, natembea na magongo mpaka barabarani na kurudi. Shingo imeanza kung'aa.

Lakini Alhamisi ni ngumu. Ushirika ukipita kwangu nasikia wakiimba. Hawaingii. Nilikataa sahani ya Mama Timo, sasa naitwa mwenye kiburi. Na bado nawatamani, jameni! Bado natoanga viti nje, navipanguza.

Wiki iliyopita Mercy alirudi kutoka kanisani akaniambia Mchungaji amemsimamisha Janet, mke wa fundi baiskeli. Amezungushwa. Kanisa limejibu. Na Mercy aliona shingo yake. Nyeusi.

Mtumaini Mungu, ndugu yangu, na dawa uliyopewa umeze. Yeye ndiye alimtuma nesi.

Na wewe Mchungaji Ezra, Jumapili nakuja na magongo yangu. Nitasimama palepale uliponizungusha, Mama Timo akiwa kiti cha mbele. Uliza tena lile swali lako, ugonjwa ama baraka? Safari hii kanisa linyamaze. Ujibu wewe, Janet akisikia, angali na miguu yake miwili.