Kisima cha Marehemu Baba

JAMALI: Haloo! Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

FATU: Mimi, kaka. Mdogo wako Fatu. Simu ya jirani yetu Semeni hii, yangu imezima. Shikamoo.

JAMALI: Marahaba. Vipi huko Mandawa? Mimi bado niko hapa Nachingwea, napakia mchele wa hitima ya baba. Kesho asubuhi—

FATU: Nisikilize kwanza, salio lenyewe la kuungaunga. Ile chupa imegeuka nyeusi.

JAMALI: Chupa gani tena?

FATU: Ya kikundi chetu cha kujitolea, ile yenye dawa ya kupimia kinyesi kwenye maji. Maji safi hayabadiliki rangi. Haya yamekuwa meusi, masizi matupu.

JAMALI: Ya mtoni hayo.

FATU: Ya kisima cha baba.

JAMALI: Rudia, mtandao unakatakata.

FATU: Umesikia, kaka.

JAMALI: We Fatu! Kisima nimekichimba kwa jasho langu, sadaka ya marehemu! Mwezi uliopita si mlipima, yakawa safi?

FATU: Yalikuwa safi. Kabla ya kile choo.

JAMALI: Cha wageni wa hitima?

FATU: Wamekichimba pale juu ya mteremko, na wageni waliotangulia wameshaanza kukitumia. Mvua ikinyesha, uchafu wote unashukia kisimani.

JAMALI: Mimi ndiye niliyesema kiwe karibu na maji, wazee wakitoka watawadhe palepale. Nilidhani—

FATU: Najua ulidhani nini.

JAMALI: Basi tufanye hivi. Pilau si inachemka? Vijidudu vitakufa. Hitima ikipita—

FATU: Na ya kunywa? Mtoto wa Semeni kalazwa, anaharisha, macho yameingia ndani. Niko naye hapa zahanati.

JAMALI: Yaa Rabi... Watu watasema nini, Fatu? Baba anasomewa, kisima chake kimefungwa! Kila anayekunywa pale, thawabu inamfikia—

FATU: Na anayekunywa akaugua, je?

[mtandao unakoroma]

FATU: Kaka? Upo?

JAMALI: Nipo. Umenichoma, mdogo wangu.

FATU: Nimeungua mimi kwanza. Nimelia na chupa mkononi.

JAMALI: Mama anajua?

FATU: Hajui. Nimemwacha nyumbani anachambua mchele, anaimba.

JAMALI: [anapumua] Haya. Funga. Toa kamba, toa na ndoo. Nashusha gunia moja hapa, nipakie madumu ya maji.

FATU: Kamba nimeshaitoa, kaka. Tangu asubuhi.

JAMALI: Ala! Sasa muda wote huu ulikuwa unaniomba nini?

FATU: Aliyekichimba ni wewe. Mama akiniuliza nani kakifunga, sikutaka nimjibu ni mimi. Nilitaka nimwambie—

JAMALI: Mwambie ni mimi. Mwambie Jamali ndiye— Haloo? Fatu? Haloo!