Mwenzangu wa Kakuma Alinionyesha Mlango wa Pili

Ejok, hamjambo ndugu zangu. Wengi wenu mnanijua kama yule mama anayecheka sana kwenye vikao hivi. Mwaka jana sikuwa nikicheka.

Kazi yangu mnaijua, kwa sababu ndiyo yenu: kupanga ulinzi wa kompyuta za shirika zima. Kwetu ni zahanati, kuanzia hapa Lodwar mpaka Kakuma, na mpango wote nilikuwa nao mimi peke yangu. Asubuhi moja kompyuta zote zikafungwa. Ukiwasha kompyuta unakuta ujumbe wa wezi: lipeni, ndipo tufungue.

Nilijipa moyo. Tulikuwa na nakala za faili mahali salama, kwa hivyo nikasafisha kompyuta, nikarudisha faili, zahanati zikaendelea. Wakubwa wakanisifu. Wiki haikuisha, kompyuta zikafungwa tena.

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo mara ya pili ndiyo iliyoniangusha. Muuguzi wetu wa Kakuma alinipigia simu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, kuna mama hapa wa Sudan Kusini, mtoto wake anatibiwa kifua kikuu. Kadi ilipotea njiani. Nimpe dawa gani?" Rekodi za mtoto zilikuwa ndani ya kompyuta zilizofungwa.

Makao makuu Nairobi wakaamuru nisimwambie mtu yeyote wa nje, jina la shirika lisije likaharibika. Nikanyamaza. Chakula kikanishinda. Kanisani nikawa nakaa nyuma kabisa, natoka kabla ya baraka. Mume wangu akiniuliza, namwambia ni joto. Sasa nani hapa Lodwar anaugua joto? Moyoni nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi nirudi Katilu kwa mama nikalime mtama.

Nikaenda Kakuma kujaribu mara ya mwisho kuziokoa kompyuta zetu. Kwenye hoteli tunayokula huko kuna ndugu mmoja Mkongomani, anafanya kazi kama yangu katika shirika lingine. Kwa miaka tulikuwa tunasalimiana tu. Siku hiyo aliona ugali wangu sijaugusa, akavuta kiti, akaniuliza polepole kama kompyuta zetu zimefungwa mara ya pili.

Nilishtuka. Nikamuuliza nani amemwambia.

"Hakuna mtu," akasema. "Ile kitu ilitupigaka na siye. Ukirudisha faili, wanarudi. Wako na mlango wa pili."

Na yeye alikuwa ameamriwa anyamaze. Aliniambia ukimya huo ulikuwa umemchosha, na heri agombezwe kuliko kuniona vile. Basi nikampigia mkubwa wangu pale pale. Nikamwambia sitataja mgonjwa yeyote, nataka tu kuelezana na mwenzangu jinsi wezi walivyoingia, na nikikatazwa, mimi sina njia nyingine. Akasema, "Ongea naye."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wezi walikuwa wamepitia kampuni inayoturekebishia kompyuta kwa mtandao, sisi na wao, kisha wakajifungulia akaunti yenye jina kama la fundi wake, tofauti ni herufi moja. Akaunti hiyo ilikuwa ndani ya nakala zetu pia. Kila nikirudisha faili, nawarudisha na wao. Yule ndugu hakugusa kompyuta yangu hata kidogo. Alinieleza tu pa kutazama. Nikaiona, nikaitoa, nikabadilisha paswedi zote, nikarudisha faili upya. Hazikufungwa tena. Yule mtoto akapata dawa yake.

Kikao hiki kilianza na sisi wawili. Mkaja ninyi, mmoja mmoja, wengine kwa woga, na sheria yetu ikabaki ile ile: hatutaji mgonjwa wala shirika, tunaelezana mwizi alivyoingia. Juzi mwenzetu mmoja alinipigia. "Ile akaunti uliyotueleza, tumeikuta kwetu. Walikuwa hawajafunga kitu. Tumeitoa." Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mkubwa wangu aliyekubali, na muuguzi wetu ambaye hakunitukana. Na wewe ndugu yangu unayetazama chini hapo, sitakutaja, lakini asante sana.

Wezi wanaambiana kila siku. Sisi ndio tulikuwa tunafichana. Ukipigwa, sema mapema, hata kama uso unawaka kwa aibu. Chai iko tayari pale nyuma. Kabla hujamaliza kikombe, mwambie aliye karibu nawe kitu kimoja kilichokupata.