Meno ya Mbuzi wa Adeer

Asalamu aleikum, akina mama wa chama, nanyi wageni mliotoka mbali. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa wanaonijua wameshaanza kucheka.

Ukame ulimaliza ng'ombe wetu wote kule Ijara. Tukahamia hapa Iftin na masufuria na watoto, basi. Kitindamimba wangu alikonda hadi nikaogopa kumwogesha. Adeer, yaani ndugu wa marehemu baba yangu, akaniletea mbuzi anayekamwa. Mnaijua desturi yetu: maziwa ni yako, mnyama ni wa mwenyewe. Akidhurika mikononi mwako, utamtazamaje mwenyewe usoni?

Sasa huyo mbuzi atakula nini? Nyasi hakuna. Kulikuwa na mathenge tu, ule mti wa miiba, kila upande. Ndugu zangu, nawaambia, mti huo nauchukia mpaka leo. Mwiba wake ulimlaza mume wangu kitandani muda mrefu. Na mbuzi akizoea kula maganda yake matamu yakiwa mazima, meno huoza, akafa njaa.

Jirani yangu alisikia mafunzoni kwamba maganda yakikaushwa vizuri na kusagwa pamoja na mbegu zake, hayadhuru meno. Mwenye kinu cha kusagia nafaka alitukatalia, kisha akakubali kwa shingo upande. Ya kwanza hayakuwa yamekauka, yakanata ndani ya mashine kama gundi, tukashinda tunakwangua chuma huku anatusema. Tukaanika upya mpaka yakawa yanavunjika kwa vidole. Tulipoyasaga tena, nikachanganya unga wake kidogo na pumba. Mbuzi akala. Mimi sikuweza kula, roho ilikuwa juu.

Maziwa yakaanza kuongezeka. Ndipo Adeer akaja bila taarifa. Akaliona karai, akachota unga, akaunusa.

"Hii ni mathenge?"

Nikasema ndiyo. Ningedanganyaje, na harufu imejaa uani?

"Nilikupa mbuzi umnyweshe mtoto. Wewe unamfanyia majaribio."

Akaanza kufungua kamba. Walahi, nilimwona mtoto wangu akirudi kwenye chai ya rangi, na zaidi ya hapo sikutaka kufikiri. Nikasimama mbele ya Adeer, mimi ambaye sikuwahi kumjibu.

"Adeer, mfungue mdomo kwanza. Ukipata jino moja bovu, mchukue."

Akamshika mbuzi taya. Akapitisha kidole jino kwa jino, polepole, akarudia upande wa pili. Kisha akaifunga kamba palepale ilipokuwa, akaomba maji ya kunawa. Kabla ya kuondoka, akaomba unga wa kubeba.

Mvua iliponyesha nilimrudisha mbuzi na wanambuzi wake wawili. Leo chama kinasaga kila wiki, vijana wanapata kazi ya kuokota maganda, na magunia yetu yanafika hadi Takaba. Wakubwa wakisema uchumi wa nchi utajengwa kwa mimea na mifugo, mimi nakikumbuka kile kidole.

Namshukuru Mungu, jirani yangu, Adeer, na mwenye kinu pamoja na kelele zake. Tafadhali, asipande mtu mathenge kwa sababu yangu, iliyopo inatosha. Ila adui aliyekwisha kuingia nyumbani, mpeni kazi.

Na yule mtoto niliyeogopa kumwogesha ndiye anayepiga kelele hapo nje. Mwiteni afungue mdomo. Meno yote yapo.