Kadi ya Mtoto wa Dada

Wanakikundi, wakubwa shikamooni. Makofi ngojeni kwanza, maana mkishanisikia sijui kama mtataka kupiga.

Mnakumbuka zamani mtoto ulikuwa unamkatia bima ya afya peke yake. Utaratibu ukabadilika, ikawa lazima ukate ya kaya nzima. Mie na vitumbua vyangu hapa Chanika, kaya nzima ningeiweza wapi? Nikafanya wanachofanyaga wengi humu, msiangalie chini: nikaazima kadi. Dada yangu ana bima kupitia kazi ya mumewe, na binti yake analingana na wangu. Njiani kwenda hospitali nikawa namfundisha mwanangu, "Wakiita jina la ndugu yako, itika. Zaidi ya hapo usiongee." Ana miaka mitano. Akashika haraka, na mie nikafurahi. Ndugu zangu, nawaambia, hilo linaniuma mpaka leo.

Mara mbili tukapita. Mara ya tatu kifua kilimbana vibaya. Daktari akasoma faili kwenye kompyuta. "Mama, mwezi uliopita alichomwa dawa hii ikamkubali. Tunampa hiyo hiyo."

Aliyechomwa ni mtoto wa dada. Wangu dawa hiyo ilishamvimbisha uso, akakosa pumzi. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, nawaza kadi itachukuliwa, dada nitamwambia nini. Nesi akavuta dawa kwenye sindano, akamshika mkono. Mwanangu akaniangalia tu, hakulia, kwa sababu nilimkataza kuongea.

"Siyo yeye," nikasema. "Faili siyo lake."

Wakambadilishia dawa, akapona. Kadi wakaizuia pale pale. Bima ya dada ikasimamishwa, watoto wake wakakaa miezi bila matibabu, na simu zangu hakupokea tena. Nyie ndio mlinibeba. Mlinichangia dawa, na mwaka huu mmeniwezesha kukata ya kaya. Asanteni sana. Bei bado inanitoa jasho, na bado naona walipobadilisha utaratibu wangetuuliza sie kwanza.

Ila mwenye kadi ya mtu kwenye pochi, airudishe leo. Daktari anamtibu yule aliyeandikwa, siyo yule uliyempakata.

Dada yangu yupo humu, jamani msigeuke kumtafuta. Dada, nimekuja kwako mara nne, mlango haukufunguliwa. Leo nimeyasema mbele za watu. Sikai mpaka uniambie neno, hata kama ni tusi.