Kaka Vipimo na Kisima Alichokataa Kukitia Sahihi

Ndugu waombolezaji, marehemu, aliyeitwa Vipimo na kila mtu, hata na mama yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya pili kutoka kituo cha mabasi, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye ndiye anayewasomea historia hii.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza chuo cha ufundi mwaka 1983, na tarehe 2 Mei 1985 akaajiriwa kwenye visima vya gesi, kazi yake ikiwa kushusha vyombo vya kupimia kwa waya hadi chini kabisa, baada ya mwamba kupasuliwa kwa maji ya shinikizo, ili ijulikane ni tabaka lipi linaloingiza gesi bombani, na kwa kasi gani. Alimuoa muuguzi tarehe 8 Disemba 1990, wakajaliwa mabinti watatu, na hata maji ya kuwaogesha aliyapima mara mbili, mkewe akacheka mpaka akachoka.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2009, kisima kilichopasuliwa wiki iliyotangulia kilikuwa kinatoa gesi kiduchu, wakubwa wakataka kisukumiwe maji tena siku hiyohiyo, na mkuu wa pampu alikuwa mdogo wake, akiwa na watu ishirini na watatu pale juu. Vipimo alishusha chombo, akakipandisha, akakishusha tena, akakuta ubaridi mita mia tatu juu ya tabaka lililopasuliwa, akasema gesi inapanda nje ya bomba na kupapoza inapotanuka, na shinikizo likiongezwa itawatokea miguuni. Mdogo wake akabisha kwamba ubaridi ule ni wa maji waliyoyasukuma, kosa la mtu wa pampu anayejiona, kwa sababu maji yale hayakupelekwa huko juu hata kidogo, kisha akamwita kaka yake mwoga mbele za watu. Vipimo alikataa kuitia sahihi karatasi ya ruhusa, akaenda kukaa juu ya usukani wa valvu ya kuingizia maji kisimani, hakubanduka mpaka jioni, na kwa hilo akasimamishwa kazi miezi sita.

Wiki tatu baadaye bomba lilitobolewa pale penye ubaridi ili saruji ipitishwe nyuma yake, gesi ikafoka kwa nguvu, wote wakarudi nyuma. Mdogo wake alijua kwamba nusura aue watu, na hakusema kitu, si siku ile wala miaka kumi na minne iliyofuata.

Figo zilianza kumsumbua Vipimo Januari 2023, mdogo wake akawa anakwenda hospitali kila Jumapili na neno lake kooni, wakaishia kuzungumza mpira, hadi tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, alipofariki, mdogo wake akiwa bado anatafuta pa kuegesha gari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioacha shughuli zao, na wafanyakazi wenzake, hasa wale ishirini na watatu, ambao wengi wao wamekaa hapa na watoto wao. Kaka, mwoga alikuwa huyu anayesoma, anakuomba radhi mbele ya watu walewale, amechelewa, nawe upumzike kwa amani.