Siku Mashine Ilipokosa Ubovu

Kijiwe cha mtaa wa Isevya kimeegemea banda la mashine ya kukoboa mpunga, na anayekaa pale sharti azoee pumba kwenye kahawa. Asubuhi ile kahawa ilikuwa chungu, au pengine ni mdomo wa Nasri. Yeye ndiye fundi wa mashine ile, wanamwita Sikio, maana huegemeza bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, akatambua ubovu kwa mlio. Jana wawekezaji wawili walikuja kutazama kifaa alichobuni Najiat, binti wa marehemu kaka yake. Kinabanwa kwenye mashine, kinahisi mtetemo mbaya, kinatuma ujumbe kwenye simu kabla mashine haijaharibika. Wangeridhika, wangetia mtaji kwenye kampuni yake changa. Walisubiri kwa muda wa saa tatu, kifaa kimya. Wakaaga, wakaenda zao.

— Wale hawakuleta mtaji, alisema Majidi, maarufu kama Redio. Walikuja kuhesabu magunia. Kile kidude ni cha ushuru!

— Ushuru gani wa mtu kupanda ndege kuja kuufuata? aliuliza Alois.

— Ndiyo hapo sasa! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Alois huyu ni gadi mstaafu wa treni, waliyempa cheo cha Kamishna. Akatikisa kichwa.

— Hujui kitu, Redio. Zamani misafara ilipita hapa kuchukua pembe za ndovu. Babu wa babu yangu alibeba mpaka Bagamoyo, bega likaota sugu. Hawa wa sasa wanachukua mlio. Wakishaupata mlio wa mashine zetu, sisi tumebaki na vyuma.

— Mbona basi wameondoka mikono mitupu?

— Nani kakwambia mitupu? Haba na haba hujaza kibaba.

— Mimi nasema ni jini, Redio akashusha sauti. Msafara ulimwacha chini ya banda hili alinde pembe zilizofukiwa. Ndiye aliyekiziba kifaa mdomo.

Hakuna aliyecheka. Nasri alitamani kwa moyo wake wote jini huyo awepo.

Najiat akatokea, macho mekundu, mkononi ana beringi kuukuu, ile pete ya chuma inayobeba mhimili wa mashine, inachuruzika grisi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Nimeikuta kwenye debe la vyuma chakavu. Kifaa kilikuwa kinailalamikia wiki nzima, ndiyo nikawaita wageni waje waone kwa macho yao. Nani kaibadilisha?

Nasri akaweka kikombe chini.

— Mimi, mwanangu. Juzi, ulipokwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Nilisema wageni wa Najiat wasikute mashine inakoroma, wakatudharau. Nani anakaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiliwa? Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Najiat akaketi ukingoni mwa benchi. Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha, Nasri angepata nafuu.

— Baba mdogo, kazi ya kifaa changu ni kusema mashine inapoumwa. Sasa jana umeniwekea mashine nzima kabisa. Ningewaonyesha nini?

Ndani ya banda mashine iliendelea kukoboa, laini, bila kukwaruza hata kidogo, na fundi wake akaisikiliza akiomba ikwame.