Keki ya Mkwe

Kwenye treni, fundi cherehani alitega sikio. Mama mmoja, keki mapajani, alikuwa akijisifu kwa jirani yake wa kiti: "Mkwe wangu hagusi chochote cha mnyama. Basi sikutia yai wala maziwa. Utamu wote ni asali tupu!"

"Asali si ya nyuki, dada?"

"Kwani nyuki anachinjwa?"

"Hachinjwi, ila anaporwa. Ungetia tende."

"Mama wee! Kumbe nimepakata mali ya wizi. Sasa niile mwenyewe, au nimpe ninyamaze?"

Fundi akacheka kimoyomoyo. Yeye alikwisha kuapa mbele ya mkewe kwamba vya wanyama basi, na ujinga kama huo haumpati. Treni ikasimama. Akashuka akilamba midomo, na midomo ilikuwa bado na asali ya chai ya asubuhi.